Kelele za nyaya, balbu na sola: kuzipima, kuzitafuta na kuzifikisha Chukwani na Dodoma

Mwenye redio ya ridhaa (ya mtu binafsi mwenye leseni, isiyo ya biashara) Unguja au Pemba anayesikia mvumo wa S9, yaani alama 9 kwenye mita ya nguvu ya redio yake, kwenye 7 MHz kila ikifika magharibi ana matatizo mawili. La kwanza ni la kifundi: kuna kitu mtaani kinatoa kelele. La pili ndilo linaloangusha malalamiko mengi: kelele hiyo inaweza kuwa ya nguzo, ya bidhaa ya dukani, au ya mtu anayerusha matangazo kwenye masafa yasiyo yake, na kila moja ina mlango wake. Ukibisha mlango usio wake utajibiwa kwa adabu, kisha hakuna kitakachofanyika.

Milango yenyewe ni hii. Mawasiliano ni jambo la Muungano. Kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977, posta na simu vimo katika kipengele cha 11, pamoja na bandari na usafiri wa anga. Kwa hiyo leseni, masafa na muingiliano wa masafa ni kazi ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi Zanzibar, chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010. Sheria hiyo hubadilishwa na Bunge, Dodoma. Umeme si wa Muungano: nguzo na nyaya ni za ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, na msimamizi wa huduma hiyo ni ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati. Ubora wa bidhaa zinazoshushwa Malindi unaangaliwa na Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS. Umeme na viwango vyote viwili viko katika mamlaka ya Baraza la Wawakilishi, Chukwani.

Ndiyo maana mjumbe akisimama Chukwani kuuliza juu ya “masafa ya redio”, waziri anaweza kumaliza kwa sentensi moja: hilo ni jambo la Muungano. Akiuliza juu ya vikombe vya nguzo (vihami vinavyoshika waya) vinavyotoa cheche, au balbu zinazoingia bila cheti, jibu hilo halipatikani. Sehemu kubwa ya kazi ya kushawishi imo katika kuchagua maneno hayo, na maneno hayo huwezi kuyachagua kabla hujajua kelele inatoka wapi.

Kwanza, isiwe ni kwako

Chukua betri ya volti 12 yenye 7 Ah au zaidi, iunge na redio, halafu zima mein swichi ya nyumba nzima. Zima pia sola na inveta, maana hizo haziguswi na mein swichi. Sikiliza dakika tano. Kelele ikifa, mkosaji yumo ndani. Rudisha sakitibreka moja moja hadi irudi, kisha chomoa vitu vya saketi hiyo kimoja kimoja. Wanaopatikana mara nyingi ni chaja za simu za bei rahisi, balbu za LED, kisimbuzi cha televisheni, adapta ya ruta na kidhibiti cha sola.

Dawa ya chaja na adapta ni duara la ferite, kauri nyeusi ya chuma inayozuia kelele kupita kwenye waya. Kwa masafa ya 3 hadi 30 MHz tumia ferite ya aina ya 31. Ile ya ukubwa wa FT240 inapitisha waya wa kutosha. Zungusha waya wa adapta mizunguko 10 hadi 14, karibu kabisa na kifaa chenyewe. Mzunguko mmoja kwa kibanio kidogo cha ferite hausaidii kitu kwenye 7 MHz, kwa sababu kizuizi hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko: mizunguko 10 inazuia kama mara 100 ya mmoja. Kwa sola, sokota pamoja waya chanya na hasi kutoka paneli hadi kidhibiti, weka ferite upande wa paneli na upande wa betri, na ukiweza funga kidhibiti ndani ya boksi la chuma. Ukiziba upande mmoja tu, kelele itatokea upande wa pili.

Hakikisha pia kwamba wewe si kero kwa wengine. Kituo chenye leseni iliyokwisha muda, au kinachoingia kwenye televisheni za majirani kila kinaporusha, hakina uso wa kwenda kwa Mwakilishi. Weka kichujio cha kupitisha masafa ya chini kwenye kisambazaji, weka ferite kwenye kebo ya antena, na waombe majirani wawili watazame televisheni wakati unarusha.

Daftari la siku 14

Hapa usifanye haraka, kwani ndipo hoja nzima inaposimama. Pima mara nne kwa siku: baada ya alfajiri, adhuhuri, magharibi na baada ya isha. Kila mara pima sehemu tatu zisizo na mtu anayeongea, karibu na 3.6, 7.1 na 14.2 MHz. Kwa wiki mbili unapata vipimo 168. Usibadilishe chochote katikati: antena ileile, upana wa 2.4 kHz, kikuza sauti cha mbele kimezimwa, kipunguza nguvu kwenye sifuri.

Mita ya S ya redio nyingi haisemi kweli chini ya S9. Kwa kanuni ya IARU, umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa, S9 kwenye masafa mafupi ni −73 dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati moja), na kila alama ni desibeli 6. Ipime mita yako: washa kipunguza nguvu cha desibeli 20 uone inashuka alama ngapi. Ikishuka zaidi ya tatu na kidogo, andika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, mtu wa TCRA asije akaligundua kabla yako.

Saa andika kwa mtindo wa saa 24 wa UTC, saa ya kimataifa, na pembeni uandike ya Kiswahili. Zanzibar tumeitangulia UTC kwa saa tatu. Daftari linalosema “saa 2” tu linaweza kumaanisha asubuhi, usiku, au saa nane za usiku kwa aliyezoea kuhesabu Kizungu, na mhandisi akilinganisha na kumbukumbu zake hatapata kinachofanana.

Andika hali ya hewa pia. Ukame wa kaskazi, kuanzia Disemba, huacha chumvi na vumbi juu ya vikombe vya nguzo zilizo karibu na pwani. Kelele ya chumvi huongezeka unyevu unapoingia usiku na hupungua mvua kubwa ya masika ikishaviosha. Kelele ya boliti iliyolegea kwenye nguzo ya mti huenda kinyume chake: inavuma siku kavu zenye upepo na kunyamaza mvua inaponyesha, kwa sababu mti huvimba na maji huziba mwanya wa cheche. Safu moja ya “mvua/kavu” kwenye daftari inaweza kumwambia fundi wa ZECO achukue vifaa gani kabla hajapanda gari.

Sasa linganisha. Kwa makadirio ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, katika pendekezo P.372, kwenye 7 MHz na upana huo, kijiji kinatarajiwa kuwa karibu na S5 na mtaa wa makaazi karibu na S6. Ukiwa na S9 mtaani, kelele yako ni desibeli 18 juu ya kawaida, yaani nguvu mara 60 hivi. Tumia kipimo cha katikati, usitumie kile cha juu kabisa. Na ondoa usiku wa radi: kwenye 3.6 na 7 MHz ukanda wetu wa tropiki una kelele nyingi za asili, na ukimlaumu mtu kwa ngurumo za mbali umejiharibia.

Umeme ukikatika, acha unachokifanya, washa redio ya betri na upime. Ni kipimo cha mtaa mzima kinachokujia bure. Ikishuka kutoka S9 hadi S4 papo hapo, chanzo kinakula umeme wa ZECO au ni laini yenyewe. Isipobadilika, tafuta sola na inveta.

Kukifuata chanzo

Sauti inasema mengi. Mvumo mkali wa 100 Hz, unaosikika kwenye masafa yote na kuzidi masafa ya chini, ni cheche za laini ya umeme. Vilele vinavyojirudia kila makumi machache ya kHz na kusogea taratibu kifaa kinapopata joto ni chaja, inveta au sola. Vikianza jua linapochomoza na kufa magharibi, ni kidhibiti cha sola. Kelele pana inayoanza magharibi na kuzimika watu wanapolala ni balbu.

Kwa mwelekeo, redio ndogo ya AM inatosha kuanzia. Ndani yake mna kijiti cha ferite. Kizungushe hadi sauti ipotee kabisa, na hapo ncha za kijiti zinaelekea kwenye chanzo au upande wa pili wake. Chukua mielekeo miwili, umbali wa mita 100 au zaidi, uichore kwenye ramani ya simu. Lakini usifuate laini ya umeme kwa AM ya kawaida hadi mwisho. Kelele husafiri juu ya waya, inapanda na kushuka njiani, na utasimama chini ya nguzo isiyo na hatia umbali mrefu kutoka kwenye tatizo. Kadiri unavyokaribia, panda masafa: 7 MHz, kisha 28, kisha redio ya AM ya masafa ya ndege kati ya 118 na 137 MHz, mwisho antena ya yagi ya vijiti vitatu kwenye 144 au 432 MHz. Nguzo inayosikika kwa nguvu kwenye 432 ndiyo yenyewe. Andika namba yake kama inayo, piga picha ukiwa chini, uweke alama ya GPS.

Nguzo usiiguse, usiipige nyundo na usivute waya wa tegemezi ili “uone kama kelele inabadilika”. Laini hizo zina msongo wa kilovolti 11 au 33.

Jirani, sheha, fundi

Kikiwa ni kifaa cha jirani, nenda mwenyewe, mchana, bila daftari mkononi. Baada ya salamu sema: “Jirani, naomba unisaidie kujaribu jambo, tuzime taa hii dakika mbili.” Usianze na “balbu yako inaniharibia redio”. Beba balbu iliyokwisha jaribiwa, ya mwanga uleule, umbadilishie hapohapo. Balbu hupimwa kabla ya kununuliwa: nenda dukani Darajani au Chake Chake na redio ndogo ya AM, iweke mahali pasipo na stesheni, isogeze hadi sentimita 30 kutoka kwenye balbu inayowaka. Ikinguruma, irudishe kwenye rafu. Jirani akikataa, mwone sheha wa shehia, naye awakutanishe. Majina ya majirani yasiingie kwenye karatasi yoyote itakayokwenda juu zaidi ya hapo.

Ikiwa ni nguzo, andikia ZECO barua fupi: mahali, picha, GPS, saa inapovuma, kavu au mvua. Mpe fundi sababu yake mwenyewe ya kwenda: kikombe kinachotoa cheche kinapoteza umeme na kinaweza kuunguza nguzo. Toa nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huna barua.

Kwa TCRA peleka muhtasari wa daftari, rekodi ya sauti ya sekunde 30, picha ya skrini ya kipokezi cha SDR (redio inayofanya kazi kwa kompyuta), nakala ya leseni na nakala ya barua ya ZECO. Taja kifungu namba 15.12 cha Kanuni za Redio za ITU. Kinazitaka nchi wanachama zichukue hatua zote zinazowezekana na zinazohitajika ili vifaa na mitambo ya umeme, ikiwemo mitandao ya kusambaza umeme, visilete muingiliano wenye madhara kwa huduma za redio. Tanzania ni mwanachama wa ITU. Hiki ni kifungu chenye uzito kuliko maneno yote ya hasira utakayoweza kuandika.

Chukwani: omba kiwango na kanuni, usiombe sheria

Kubadili sheria ni safari ya miaka. Kanuni hutungwa na waziri chini ya sheria iliyopo, na kiwango cha lazima hupitia ZBS. Mwanasiasa anakubali kwa wepesi kusukuma kitu ambacho waziri anaweza kukifanya ndani ya mwaka. Maombi yawe mawili tu:

1. ZECO na ZURA waweke muda maalumu, tuseme siku 30, wa kukagua nguzo iliyoripotiwa kutoa kelele za redio na kumjibu mlalamikaji kwa maandishi.
2. ZBS idai ripoti ya maabara kabla ya kuruhusu shehena, kwa viwango vya kimataifa vya kelele za redio viitwavyo CISPR: CISPR 15 kwa taa, CISPR 32 kwa vifaa vya televisheni na kompyuta, CISPR 11 kwa inveta na vidhibiti vya sola.

Usiombe LED wala sola zipigwe marufuku. Zinapunguza bili za watu, na siku utakapoomba hivyo Mwakilishi ataanza kukukwepa. Sema kweli iliyopo: balbu nzuri na mbaya zinatumia umeme sawa, tofauti ni kichujio kidogo ambacho mtengenezaji amekiacha ili aokoe senti.

Hoja inayomgusa mjumbe ni maafa. Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini wa umeme ulipoharibika. Mwaka 2011 ikazama MV Spice Islander I, mwaka 2012 MV Skagit. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, minara ya simu nayo huzimika mafuta ya jenereta yanapokwisha. Kituo cha redio ya ridhaa kinaendelea kwa betri na waya juu ya mnazi. Lakini kituo hicho lazima kiwe kimezoezwa siku za kawaida, na mazoezi hayawezekani chini ya S9 ya kelele. Waone Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa kabla ya kumwona Mwakilishi, uende na barua yao. Usidai kwamba kelele inaziba chaneli 16 ya bahari, 156.8 MHz, kama hukuipima. Ukiipima na ukaikuta, hiyo iwe aya yako ya kwanza.

Wanaredio wenye leseni visiwani ni wachache, na mjumbe anahesabu vichwa. Tafuta wengine wanaoumia: mafundi redio, wasikilizaji wa AM, nahodha wa boti, walimu wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni. Saini 12 za watu wa jimbo lake zina nguvu kuliko 200 za mitandaoni.

Barua iwe ukurasa mmoja:

“Mheshimiwa Mwakilishi, Assalamu alaykum. Sisi ni wakaazi 12 wa jimbo lako. Kwa siku 14 tumepima kelele za umeme katika shehia mbili. Saa za magharibi zimefika S9 pahali panapotarajiwa S6. Nguzo tatu zimetambuliwa na ZECO imeandikiwa. Nakala yenye muhuri imeambatishwa. Tunaomba uulize swali moja Barazani, na tuko tayari kukuonesha tatizo kwa dakika kumi, mahali na wakati utakaopenda.”

Swali lenyewe mwandikie. Msingi: “Je, Serikali ina utaratibu gani wa kuhakikisha taa na vifaa vya sola vinavyoingia nchini vimepimwa kwa viwango vya CISPR?” Nyongeza: “Je, ni shehena ngapi zilizorudishwa mwaka uliopita kwa kukosa ripoti hiyo?” Swali la nyongeza ndilo linalofungua daftari la wizara. Neno “masafa” lisiwemo hata mara moja.

Wakati ni Mei na Juni, bajeti zinapojadiliwa na kila wizara inasimama mbele ya wajumbe. Barua ifike Machi. Ukisikia muswada wa umeme, viwango au biashara umesomwa mara ya kwanza, mwandikie Katibu wa Baraza siku hiyohiyo uombe kutoa maoni mbele ya kamati. Kubadili maneno matatu kwenye kamati ni kazi ya asubuhi moja. Baada ya hapo inahitaji muswada mpya.

Kwenye kikao chukua redio ndogo ya AM ya betri, balbu mbili zinazofanana, moja safi na moja chafu, na soketi ya kuongezea. Fika mapema ujaribu: majengo ya ofisi yana kelele zake, na ukikuta redio inanguruma kabla hujawasha chochote, sogea dirishani au tumia rekodi. Washa balbu safi, kisha chafu. Usiongee hadi amesikia. Ukiondoka, usiache balbu wala kitu kingine cha zawadi.

Dodoma

Huku ombi ni moja: TCRA itoe mwongozo wa malalamiko ya muingiliano kwa wenye leseni za ridhaa, wenye fomu na muda wa kujibu, ukisimama juu ya 15.12. Pitia kwa mbunge wa jimbo lako, na usiwasahau wajumbe watano ambao Baraza la Wawakilishi huwachagua kutoka miongoni mwake kuingia Bungeni. Mtu aliyesikia balbu ikinguruma Chukwani ndiye anayeweza kulibeba jambo hadi upande wa pili wa bahari bila kufundishwa upya.

Kwa kupima uzito wa ushahidi, tazama Marekani. Mwaka 2004 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ilipitisha kanuni za kupitisha intaneti juu ya nyaya za umeme, na chama cha wanaredio, ARRL, kikaenda mahakamani. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Washington ilikubali sehemu ya madai na kuirudisha kanuni, kwa kuwa FCC ilikuwa imeficha sehemu za tafiti za wataalamu wake ilizozitegemea. ARRL nao walikuwa wamepeleka uchambuzi wao wenyewe wa kifundi.

Baada ya kujibiwa

Fundi akibadilisha kikombe, pima tena siku 14, saa zilezile, antena ileile. Tuma karatasi yenye safu mbili, kabla na baada, kwa ZECO, TCRA, sheha na Mwakilishi, wote wanne, pamoja na shukrani kwa jina la kitengo kilichofanya kazi. Kama kelele imeshuka kwenye 7 MHz lakini 14 MHz imebaki vilevile, kuna chanzo cha pili kilichokuwa kimefichwa na cha kwanza. Hilo hutokea mara nyingi, na liandike kwenye karatasi hiyohiyo kabla hujafungua daftari jipya.